Kwa nini mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ilifutwa: ya Lamu, Mchuchuma na maswali ya kuuliza kijijini

Makaa ya mawe tunayo. Jirani zetu wa Rukwa wanayo Namwele na Mkomolo. Ruvuma wanachimba Ngaka, Songwe kuna Kiwira, na Ludewa mkoani Njombe kuna Mchuchuma. Kenya nao wanayo Kitui, katika bonde la Mui. Fedha za kigeni za kujenga mitambo ya umeme nazo ziliahidiwa, tena mabilioni ya dola. Pamoja na hayo yote, mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe haujajengwa Tanzania wala Kenya.

Makala haya yanaeleza miradi hiyo ilikuwa ipi, nani alitaka kutoa fedha, nini kiliizuia, na kwa nini mtu aliyeko Kasekese, Mwese au Karema anapaswa kulifahamu jambo hili.

Kwa ufupi

- Mradi wa Lamu nchini Kenya, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni ya mazingira tarehe 26 Juni 2019 baada ya wananchi kukata rufaa.
- Benki na kampuni za nje zilizokuwa nyuma ya mradi huo zilijitoa moja baada ya nyingine.
- Septemba 2021 China ilitangaza kuwa haitajenga tena mitambo mipya ya umeme wa makaa ya mawe nje ya nchi yake.
- Tanzania, mtambo wa megawati 600 wa Mchuchuma ulikwama, na ule wa megawati 300 wa Mbeya ulikosa mnunuzi wa umeme.
- Mradi mkubwa husimama juu ya nguzo tatu: kibali, mnunuzi na mkopeshaji. Nguzo moja ikianguka, mradi wote huanguka.

Umeme wa makaa ya mawe unapatikanaje?

Makaa ya mawe ni mwamba mweusi unaochimbwa ardhini. Si mkaa tunaopikia, ambao hutokana na miti. Kwenye mtambo, makaa husagwa kuwa unga, huchomwa ndani ya tanuru kubwa, na moto huo huchemsha maji. Mvuke wa maji husukuma mapangaboi, nayo huzungusha jenereta. Hapo ndipo umeme unapopatikana.

Sifa ya mtambo wa aina hii ni kwamba hufanya kazi usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Ubaya wake ni moshi, majivu na maji ya moto. Moshi hubeba hewa ya ukaa inayochangia kubadilika kwa tabianchi, pamoja na chembechembe zinazodhuru mapafu. Majivu huwa na sumu kama zebaki, na lazima yatafutiwe mahali pa kuhifadhiwa kwa miaka mingi. Maji yaliyopoza mitambo hurudishwa mtoni au baharini yakiwa na joto, na samaki huathirika.

Tanzania ina uzoefu mdogo wa umeme huu. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ulikuwa na mtambo wake mdogo wa megawati 6. Makaa yanayochimbwa nchini leo huenda kwenye viwanda, hasa vya saruji, na mengine husafirishwa nje.

Fedha zilikuwa zinatoka wapi?

Mwaka 2013 China ilianzisha mpango mkubwa wa kujenga barabara, reli, bandari na mitambo ya umeme katika nchi nyingi. Kwa Kiswahili umezoeleka kuitwa Ukanda Mmoja, Njia Moja. Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa: benki za China zinakopesha, kampuni za China zinajenga, na nchi husika inalipa kwa miaka mingi, mara nyingi kwa fedha zinazotokana na matumizi ya mradi wenyewe.

Nchi nyingi zilizokuwa na kiu ya umeme ziliupokea. Misri ilipanga mtambo wa Hamrawein wa megawati 6,600 kando ya Bahari ya Shamu. Zimbabwe ilipanga wa Sengwa wa megawati 2,800. Kenya ikaja na Lamu.

Lamu: mradi ulioanza kwa kishindo

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza lengo la kuongeza megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Mtambo wa Lamu ulikuwa sehemu ya lengo hilo. Mwaka 2014 kazi ilipewa muungano wa kampuni za Kenya, Gulf Energy na Centum, ambazo ziliunda kampuni ya Amu Power. Gharama ilitajwa kuwa dola za Marekani bilioni 2. Benki ya China ya ICBC ndiyo iliyotarajiwa kutoa sehemu kubwa ya mkopo, na kampuni za China zingejenga.

Eneo lililochaguliwa lilikuwa Kwasasi, umbali wa kilomita kama 20 kutoka Mji Mkongwe wa Lamu. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Bomba la moshi lingepanda mita 210, refu kuliko jengo lolote la Afrika Mashariki wakati ule. Makaa ya kuanzia yasingetoka Kitui. Yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini.

Watu wa Lamu wengi ni wavuvi, mabaharia, wakulima na watu wa utalii. Waligawanyika. Wapo waliosema mradi utaleta ajira kwa vijana na kuinua biashara, na hoja hiyo haikuwa ya kubezwa, maana Lamu imelalamika kwa muda mrefu kuachwa nyuma. Wengine waliuliza maji ya moto yataenda wapi, majivu yatawekwa wapi, na mvuvi mwenye mashua ndogo atakwenda kuvua wapi mikoko na matumbawe yakifa. Wakulima wa Kwasasi nao walikuwa na swali lao: shamba likishapimwa kwa ajili ya mradi, fidia italipwa lini?

Wananchi wakata rufaa

Septemba 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni. Miezi miwili baadaye kikundi cha wananchi kiitwacho Save Lamu, pamoja na wakazi wengine, kilikata rufaa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira, chombo cha kisheria kinachosikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya NEMA.

Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili. Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilitoa uamuzi: leseni ikafutwa.

Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo tuende taratibu. Baraza halikusema kwamba makaa ya mawe yamepigwa marufuku Kenya. Lilisema utaratibu ulikiukwa. Mikutano iliyofanyika na wananchi ilikuwa ya utangulizi, kabla ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika. Watu walielezwa uzuri wa mradi kabla madhara yake hayajachunguzwa. Utafiti ulipokamilika, haukurudishwa kwao ipasavyo wausome, waulize na watoe maoni. Baraza pia liliona kuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni iliambiwa kwamba ikiutaka mradi, ianze upya utafiti huo na kufuata sheria.

Kwa lugha ya kijijini, mkutano ulifanyika kweli, watu walihudhuria na mahudhurio yakasainiwa. Lakini kuitwa kwenye mkutano si sawa na kushirikishwa. Kushirikishwa ni kupewa taarifa kamili, kwa lugha unayoielewa, kabla ya uamuzi, na maoni yako yakajibiwa.

Amu Power ilikata rufaa. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliunga mkono uamuzi wa baraza. Leseni ikabaki imefutwa.

Wakopeshaji wanajitoa

Wakati kesi ikiendelea, mambo yalikuwa yanabadilika huko fedha zinakotoka. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo awali ilifikiria kuudhamini mradi, ilisema haitaufadhili. Kampuni ya Marekani ya General Electric, iliyotangaza mwaka 2018 kuwa itanunua hisa za mradi na kuleta teknolojia, ilisema Septemba 2020 kuwa inaachana na ujenzi wa mitambo mipya ya makaa ya mawe. Mwezi Novemba mwaka huohuo zikatoka habari kuwa ICBC ya China nayo imejitoa.

Kisha ikaja kauli kubwa zaidi. Tarehe 21 Septemba 2021, akihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Rais Xi Jinping wa China alisema nchi yake haitajenga miradi mipya ya umeme wa makaa ya mawe nje. Kabla ya hapo Japani na Korea Kusini nazo zilikuwa zimeahidi kuacha kuifadhili. Kwa hiyo milango mikubwa mitatu ya mikopo ya makaa ya mawe ilifungwa ndani ya mwaka mmoja.

Lamu haikuwa peke yake. Misri iliusimamisha mtambo wa Hamrawein mwaka 2020. ICBC ilijitoa Sengwa ya Zimbabwe mwaka 2021. Mwaka huohuo Bangladesh ilifuta mipango ya mitambo 10 kwa mpigo.

Kulipia mtambo usiowashwa

Watu wengi hudhani miradi hii iliangushwa na wanamazingira pekee. Hesabu ya fedha nayo ilikuwa na nguvu zake.

Mtambo mkubwa haujengwi mpaka mnunuzi wa umeme asaini mkataba. Kenya mnunuzi ni Kenya Power, na Tanzania ni TANESCO. Katika mikataba mingi ya aina hii kuna malipo ambayo mnunuzi hulipa kwa sababu tu mtambo upo tayari, hata kama hakuchukua umeme.

Fikiria umekodi trekta kwa msimu mzima. Umelima hujalima, fedha ya mwenye trekta iko palepale. Ukiwa na ekari za kutosha, utafaidi. Ukiwa na ekari mbili, umejifunga.

Kenya wakati ule, matumizi ya juu kabisa ya umeme nchi nzima yalikuwa kwenye megawati 1,800 hivi. Mtambo mmoja wa megawati 1,050 ungekuwa zaidi ya nusu ya hapo, huku Kenya ikiwa tayari na umeme wa jotoardhi, maji na upepo. Taasisi ya utafiti ya IEEFA ilichambua mkataba huo mwaka 2019 na kukadiria kuwa Kenya Power ingelipa angalau dola milioni 360 kila mwaka, mtambo uwashwe usiwashwe. Kwa mkataba wa miaka 25, hiyo ni angalau dola bilioni 9. Fedha hiyo ingetoka kwa mwananchi anayenunua umeme, au kwenye kodi.

Kwetu Tanzania: Mchuchuma na Mbeya

Mradi unaotajwa zaidi hapa nyumbani ni wa Mchuchuma na Liganga, wilayani Ludewa. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Mgeni angekuwa na asilimia 80 na NDC asilimia 20. Mpango ulikuwa kuchimba makaa ya mawe Mchuchuma, kujenga mtambo wa megawati 600, kisha umeme huo uchimbe na kuyeyusha chuma cha Liganga. Uwekezaji ulitajwa kuwa dola bilioni 3.

Mtambo huo haujajengwa. Huku hakuna baraza lililofuta leseni kama Lamu. Serikali na mwekezaji walivutana kuhusu masharti ya mkataba, hasa vivutio na misamaha ambayo kampuni iliomba, na mazungumzo yakachukua miaka. Waliobeba uzito wa kusubiri ni wananchi ambao maeneo yao yalitwaliwa kwa ajili ya mradi. Mwaka 2023 ndipo serikali ilipoanza kulipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa wananchi zaidi ya 1,000. Hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 10 tangu mkataba usainiwe.

Mradi wa pili ni wa Mbeya. Kampuni ya Kibo Energy ilipanga mtambo wa megawati 300 kwa kutumia makaa ya ukanda wa Rukwa, na kampuni ya China ya SEPCOIII ikiwa mkandarasi. Tafiti zilifanyika, kilichokosekana ni mnunuzi. Mwaka 2019 TANESCO iliijulisha kampuni kuwa haitaendelea na mradi wake, na bila TANESCO hakuna wa kumuuzia umeme kwa kiasi kile.

Ukiiweka pamoja miradi hii mitatu unaona nguzo tatu tulizozitaja mwanzoni. Lamu ilianguka kwenye kibali kwanza, kisha kwenye mkopo. Mbeya ilianguka kwenye mnunuzi. Mchuchuma imekwama kwenye makubaliano.

Na sisi Katavi?

Miaka mingi Mpanda na maeneo yake iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa. Kila mwenye saluni, mashine ya kusaga au friji ya samaki anakumbuka mgao. Kwa hiyo mtu wa Katavi akisikia kuna mahali mtambo mkubwa ulifutwa, ana haki ya kuuliza: wanakataaje umeme?

Jibu ni kwamba umeme haukukataliwa, ulitafutwa kwa njia nyingine. Tanzania ilijenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji kwa fedha za serikali, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Ili umeme wa gridi ufike kwetu, ikajengwa njia ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda. Bwawa nalo lina hatari zake, maana mvua zikipungua na umeme hupungua. Hakuna chanzo kisicho na gharama.

Jambo la pili linatugusa moja kwa moja. Hewa ya ukaa iliyowafanya wakopeshaji wa dunia waukimbie moshi wa makaa ya mawe ndiyo hiyohiyo inayoingiza fedha kwenye vijiji vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata, katika wilaya yetu ya Tanganyika. Katuma, Mpembe na Lugonesi ni miongoni mwa vijiji hivyo. Msitu unapobaki umesimama huhifadhi hewa hiyo, na kijiji hulipwa. Dunia inayolipa kijiji kwa kutunza miti ndiyo inayosita kukopesha mtambo wa kuichafua hewa.

Mradi mkubwa ukija kijijini kwako, uliza haya

Unaweza kuwa mgodi, barabara, reli, bandari kama ile ya Karema, shamba kubwa au nguzo za umeme. Maswali ni yaleyale.

1. Tathmini ya athari za mazingira imefanyika? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini hiyo, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Omba uelezwe madhara, siyo faida tu.

2. Mkutano mkuu wa kijiji umekaa? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi kimyakimya kwa saini ya kiongozi mmoja. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri, lakini mkutano mkuu hujadili na kutoa mapendekezo.

3. Fidia imehesabiwaje? Haiishii kwenye mazao na nyumba. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Malipo yakicheleweshwa kupita muda uliowekwa, kuna riba.

4. Uthamini una umri gani? Kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini hudumu miaka 2. Ukipita bila kulipwa, thamani haiwezi kubaki ya zamani kama vile bei hazijapanda.

5. Fedha ni za nani, na nani atalipa mwishoni? Uliza kama ni msaada, mkopo au uwekezaji. Uliza pia nini kitatokea mwekezaji akijitoa katikati.

6. Karatasi ziko wapi? Fomu ya uthamini, muhtasari wa mkutano na picha za shamba lako, tunza nakala. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La kubaki nalo

Wavuvi wa Lamu hawakushinda kwa sababu walikuwa wengi au wana fedha. Walishinda kwa sababu waliweza kulionyesha baraza lini waliitwa, waliambiwa nini, na nini hawakuambiwa. Upande wa pili, watu wa Ludewa wametuonyesha kuwa mradi usiojengwa nao una gharama, pale shamba linapowekewa alama na mwenyewe akabaki njia panda.

Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu ardhi, nenda, kaa mpaka mwisho, uliza, na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari kabla hujasaini mahudhurio.